Redio mpya na visa vya umeme: soma dalili, rudi kwenye waya

Gari nyingi zinazoteremka bandari ya Malindi, hapa Zanzibar, zimetoka Japani na zinakuja na redio zao. Redio hizo zinashika FM ya 76 hadi 90, zile za karibuni hadi 95, wakati vituo vyetu vimepangwa kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana mtu akishamaliza bima na namba ya Z, kinachofuata ni kutia redio nyengine, na siku hizi ni ile ya Android yenye kioo kikubwa. Redio inaimba vizuri na mwenye gari anaridhika. Baada ya wiki mbili haendi kwa aliyemfungia redio. Anakwenda kwa muuza betri: "Fundi, betri imekufa tena." Au kwa fundi wa taa: "Kaka, taa za nyuma haziwaki, balbu nzima." Anauziwa betri, anauziwa balbu, na ubovu uko palepale nyuma ya dashibodi.

Redio haina umeme wa peke yake. Waya unaoipa moto wa kudumu, yaani umeme uliopo hata gari ikiwa imezimwa, unatoka kwenye fyuzi ileile ya taa ya ndani na saa. Waya wa swichi mara nyingi unashirikiana na tundu la kuwashia sigara. Waya wa kuwasha vitufe usiku unatoka kwenye fyuzi ya taa ndogo za nyuma. Kosa likifanyika nyuma ya redio, maumivu yanatokea pahala pengine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kubadili betri, alteneta au balbu, uliza: hili lilianza kabla ya redio au baada yake? Kama ni baada, hata ukiwa umepita mwezi, anza na dashibodi.

Chanzo kikubwa cha matatizo haya ni rangi za waya. Redio za kununua dukani zina utaratibu wao: manjano ni moto wa kudumu, nyekundu ni moto wa swichi, nyeusi ni ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi), buluu ni ya antena, buluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya, rangi ya chungwa ni ya taa. Kwa spika, nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na wenye mstari mweusi ni hasi wa mwenzake.

Toyota ina rangi zake, na hazifanani na hizo. Nyuma ya redio ya Toyota utakuta soketi mbili, ya pini 10 na ya pini 6. Kwenye ile ya 10, kwa kawaida buluu yenye mstari wa manjano ni moto wa kudumu, kijivu ni swichi, kahawia ni ethi, kijani ni taa. Pinki na zambarau ni spika ya mbele kushoto, kijani hafifu na buluu ni ya mbele kulia. Kwenye ile ya 6, nyeusi na manjano ni spika ya nyuma kushoto, nyekundu na nyeupe ya nyuma kulia.

Sasa mtazame anayefunga rangi kwa rangi. Kijivu cha redio, ambacho ni spika, anakiunga na kijivu cha gari, ambacho kina volti 12 swichi ikifunguliwa. Aisi ya sauti, ile chipu inayosukuma spika, inaweza kuungua papo hapo. Nyeusi ya redio, ambayo ni ethi, anaiunga na nyeusi ya gari, ambayo ni spika. Redio haiwaki, anaanza kubahatisha, na kila akibahatisha kuna fyuzi inayokatika bila yeye kujua.

Dawa ni kununua soketi ya kuunganishia ya Toyota, au ya Suzuki au Nissan kama ndiyo gari yenyewe. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na redio, na kinakuepusha kukata soketi ya kiwandani. Soketi ya kiwandani ikishakatwa, kila fundi atakayekuja baadaye anafanya kazi gizani. Na hata ukiwa na soketi hiyo, pima. Jedwali la rangi linakuonesha pa kuanzia tu, kwa sababu gari imetoka mkononi mwa mtu Japani na huenda aliwahi kutia vitu vyake humo.

Upimaji wenyewe hauchukui nusu saa. Toa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, ili mfumo wa mifuko ya hewa uishiwe na umeme uliohifadhi. Soketi za rangi ya manjano zinazoelekea usukani na upande wa abiria ni za mifuko hiyo: usizichomoe, usizitie testa, usizipime kwa mita. Toa redio, rudisha waya wa betri, weka mita kwenye volti 20 za betri, na ncha nyeusi igande kwenye chuma safi cha bodi. Waya wenye volti 12 ufunguo ukiwa mfukoni ndio moto wa kudumu. Fungua swichi hatua ya kwanza, utakaopata volti 12 hapo ni wa swichi. Washa taa ndogo, utakaoamka ni wa taa. Kisha zima kila kitu, peleka mita kwenye omu: ethi itasoma karibu na sifuri dhidi ya bodi.

Spika zitafute kwa jozi. Spika ya omu 4 inasoma kama omu 3 na nusu kwenye mita. Jozi hiyo isiwe na mawasiliano yoyote na bodi. Ikiwa nayo, waya umechubuka, na pa kwanza pa kutazama ni kwenye mpira unaopitisha waya kati ya mlango na nguzo, ambapo unapindwa kila mlango ukifunguliwa. Kujua ni spika ipi, chukua betri ndogo ya saa ya volti 1.5 na uguse jozi kwa sekunde moja. Spika itapiga "tak". Karatasi yake ikisogea nje, ule uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ukikosea chanya na hasi upande mmoja, hakiungui kitu, lakini besi inapotea, na mwenye gari anasema redio ni bandia.

Jambo moja limeua redio nyingi: hasi ya spika si ethi. Redio za leo zinasukuma spika kwa waya zote mbili. Ukichukua hasi za spika nne ukazifunga pamoja kwenye bodi, kama ilivyokuwa kwa redio za zamani sana, unaichoma aisi.

Tuje kwenye dalili. Taa ya ndani imekufa na saa inarudi mwanzo kila mara: tazama fyuzi iliyoandikwa DOME, ambayo kwenye Toyota nyingi imo kwenye boksi la upande wa injini. Imekatika kwa sababu waya wa moto wa kudumu uligusa chuma wakati wa kufunga, maana wengi hufunga bila kutoa betri. Kwenye baadhi ya gari, hata rimoti ya milango inakufa pamoja nayo, na watu wanabadili betri ya rimoti bure. Tundu la sigara halitoi moto wa kuchajia simu: tazama CIG au ACC, boksi la ndani chini ya dashibodi.

Ya hatari zaidi ni TAIL. Waya wa taa wa redio ukigusa bodi, fyuzi hiyo inakatika, na hapo zinakufa taa za nyuma, taa ya namba na mwanga wa dashibodi, lakini taa kubwa za mbele zinabaki zinawaka. Dereva anaona njia yake vizuri, hajui kwamba wa nyuma hamuoni. Kwa barabara za shamba zisizo na taa, kama ya Nungwi au ya Makunduchi, hili si la kusubiri kesho. Dashibodi ikiwa giza usiku baada ya kufunga redio, simama, nenda nyuma ya gari ukatazame.

Fyuzi iliyokatika ina sababu yake. Iliyoandikwa 10 badili kwa 10. Ukitia 20 ili "isikatike tena", kitakachokatika safari ijayo ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi, kwa moto.

Betri kuisha usiku kunastahili maelezo marefu, kwa sababu ndiko kunakowatoa watu pesa nyingi. Kosa la kawaida ni manjano na nyekundu za redio kusokotwa pamoja kwenye moto wa kudumu. Kwa nini mtu afanye hivyo? Kwa sababu alipopima waya wa swichi hakukuta umeme. Na hakukuta kwa sababu fyuzi ya CIG aliikata mwenyewe dakika kumi kabla. Akatafuta njia ya mkato, redio ikawaka, akafunga dashibodi. Mwenye gari anazima kioo kwa kitufe, kinakuwa cheusi, lakini ndani redio iko macho usiku kucha.

Hesabu yake ni rahisi. Betri ya saizi ya NS40 kwa gari ndogo kama Vitz ina kama ampea-saa 35. Redio ya Android iliyo macho ikinywa ampea 0.7, kwa saa 24 ni karibu 17, yaani nusu ya betri mpya. Betri iliyokwishatumika mwaka na nusu katika joto letu haifiki siku ya pili. Na kila ikishuka hivyo inazidi kuharibika ndani, kwa hiyo hata ukirekebisha waya, betri haitarudi kuwa ilivyokuwa.

Kupima unyonyaji huo, hakikisha swichi imefungwa na ufunguo uko mbali na gari. Fungua boneti, fungua mlango wa dereva, na sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka gari idhani mlango umefungwa na taa ya ndani izimike. Weka mita kwenye ampea 10, waya mwekundu uhamishie tundu la 10A. Shika ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyengine kwenye kichwa cha waya wa hasi, kisha ndipo unyanyue kichwa, ili umeme upite kwenye mita bila kukatika. Mwanzo itasoma juu, usiogope. Subiri dakika 20 hadi 30 vifaa vilale. Ikitulia chini ya ampea 0.05, gari ni salama. Ikibaki 0.3 au zaidi, kuna kinachokesha. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Kisha chomoa fyuzi moja moja, ukianza na DOME. Ikishuka ghafla, umepata njia. Chomoa soketi ya redio na urudishe fyuzi: ikibaki chini, mnywaji ni redio. Wenye uzoefu hawachomoi fyuzi, wanagusa vichwa viwili vidogo vya chuma juu ya fyuzi kwa mita iliyo kwenye milivolti. Palipo na sifuri hakuna umeme unaopita. Njia hii ni bora kwa gari mpya, kwa sababu ukichomoa na kurudisha fyuzi unaamsha vifaa vilivyokwishalala na kipimo kinakuchanganya.

Redio ikiwa imefungwa sawa na bado inanyonya, ingia kwenye mpangilio wake. Android nyingi zina chaguo la kulala badala ya kuzima, ili ziamke haraka. Liondoe, au punguza muda wa kulala. Na kama kuna amplifaya, tazama ule waya wa buluu wenye mstari mweupe. Ukiunganishwa na moto wa kudumu, amplifaya haizimiki kamwe. Iguse asubuhi kabla ya kuwasha gari: ikiwa na uvuguvugu, jibu unalo. Kinyume chake, redio inayosahau saa na vituo kila ukizima, nyekundu na manjano zimebadilishana, na hilo ni la kugeuza waya mbili tu.

Sasa ethi, na hapa kisiwa kina neno lake. Hewa ya bahari inaingia kila pahala, Forodhani, Wete hata Mkoani, na waya uliosokotwa ukavikwa tepu nyeusi hauna kinga. Joto la ndani ya dashibodi gari ikiwa juani linayeyusha gundi ya tepu. Ukiivuta inateleza yenyewe na kukuachia unamato mweusi vidoleni, na chini yake shaba imekuwa kijani, imefanya unga, nyuzi mbili tatu tu ndizo zinazoshikana. Mita ikitiwa hapo inasoma volti 12.4 na fundi anasema waya mzima. Lakini gusa kwa testa ya balbu: inawaka nyekundu hafifu kisha inazimika. Mita hainywi umeme wa maana, kwa hiyo uzi mmoja unaitosha. Redio inanyonya ampea kadhaa, uzi mmoja hauitoshi. Kwa waya za redio na taa, testa ya balbu inasema ukweli ambao mita haiusemi. Kwa kompyuta ya gari na mifuko ya hewa usiitumie kabisa.

Dalili ya ethi mbovu ni redio kujizima na kuwaka tena sauti ikipandishwa, au ukiwasha taa kubwa, au ukikanyaga breki. Pima hivi: redio ikiwa inaimba kwa nguvu na taa zinawaka, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyengine kwenye waya mweusi wa redio. Volti 0.1 au chini ni nzuri. Ikifika 0.5, safisha. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, tumia kichwa cha waya kilichobanwa kwa koleo lake, boliti yenye nati na washa ya meno, kisha paka grisi juu yake. Grisi inakuja mwisho, baada ya kukaza. Iwapo redio inapepesa taa ndogo zikiwashwa tu, fuatilia kama ethi yake imefungwa kwenye waya wa kupunguzia mwanga wa dashibodi, ambao kwenye Toyota nyingi ni mweupe wenye mstari wa kijani. Huo si ethi, ingawa mita ya omu inaweza kukudanganya kuwa ni ethi.

Kwa amplifaya, waya wa moto utoke betri moja kwa moja na uwe na fyuzi yake ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Waya unapita kwenye chuma kati ya injini na dashibodi, na ukikosa mpira wa kuukinga, mtikisiko utauchubua. Waya nene za bei nafuu nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba: kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani, achana nao. Kwa chumvi ya hapa haudumu.

Mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini ni ethi mbili zisizokubaliana, au waya za sauti zilizolazwa pamoja na waya wa betri. Pitisha za sauti upande mmoja wa gari na wa betri upande wa pili. Vichujio vya dukani vinapunguza mlio na kuacha sababu yake.

Redio mpya haishiki vituo, na antena imeshabadilishwa mara mbili? Tafuta kisanduku kidogo kwenye waya wa antena. Ni kile cha kushusha masafa kilichowekwa zamani ili redio ya Kijapani isikie vituo vyetu. Redio mpya haikihitaji, na kikibaki kinaiharibia kila kituo. Kitoe. Na kama antena ni ya kioo au ya paa yenye kikuza mawimbi, inataka volti 12 kutoka waya wa buluu wa redio.

Kamera ya nyuma: waya wake hupita kwenye mpira wa mlango wa nyuma na kukatikia hapo. Umeme wake ukichukuliwa kwenye taa ya rivasi na ukapiga shoti, kwenye Toyota kadhaa fyuzi ya GAUGE inakwenda, na mishale ya dashibodi inalala pamoja na taa ya rivasi.

Yapo pia yanayotisha bure. Redio kuzimika kidogo stata inapozunguka ni kawaida. Injini kupandisha na kushusha sailensi (mwendo wake gari ikiwa imesimama) baada ya betri kutolewa ni kompyuta inajipanga upya. Iache iwake dakika 10 hadi 15 bila AC, kisha na AC. Kioo cha dereva kisichopanda chenyewe, kipandishe mpaka juu na ushikilie kitufe sekunde chache.

Maungio yote yapigwe lehemu au yabanwe kwa vichwa vya shaba, kisha yavikwe mpira unaosinyaa kwa moto, na waya zifungwe ili zisining'inie juu ya pedali. Kabla skrubu ya mwisho haijarudi, washa kila kitu: taa ndogo, kubwa, breki, indiketa, rivasi, taa ya ndani, tundu la sigara, rimoti, na taa ya mfuko wa hewa iwake kisha izimike. Gari ikiwaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Asubuhi ya pili, kabla ya kugusa ufunguo, pima tena: 12.5 au 12.6 inatosha kumlipa fundi pesa zake zilizobaki, 12.2 rudisha gari siku hiyohiyo.